Barua ya wazi kwa Mtunza Nyaraka Mkuu wa Maryland: majina yaliyo katikati ya vitanda na ng'ombe

Kwa Mtunza Nyaraka Mkuu wa Jimbo,
Annapolis, Maryland.

YAH: OMBI LA FAHARASA MPYA YA ORODHA ZA MIRATHI ZA ENZI YA UKOLONI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Samahani kwa kuanza hivyo. Nilikuwa karani wa masjala ya mahakama nyumbani Tanzania kabla sijaolewa huku, na mkono bado haujasahau. Nakala ya Kiingereza nimeitia kwenye bahasha. Hii ya Kiswahili nimeiacha wazi makusudi, maana Waswahili tuko wengi Maryland, na baadhi yetu tumezaa na watu wa hapa. Watoto hao wakikua watauliza upande wa pili wa ukoo wao ulitokea wapi, na mama zao hawatakuwa na la kujibu.

Mimi nimeshaulizwa, ila aliyeuliza ni mama mkwe wangu. Amezaliwa Charles County, kusini mwa Maryland, Mkatoliki wa tangu na tangu, rozari haimtoki mfukoni. Aliposikia kwamba nilifanya kazi kwenye majalada, alinipa karatasi yenye majina matano, la mwisho likiwa la bibi wa bibi yake, akaniambia: hebu nitafutie, tulikuwa wa nani? Kwetu hilo ni swali la heshima. Mgeni akiulizwa "wewe wa nani?" anataja baba, babu na kijiji, kisha analetewa kiti. Mama mkwe alikuwa anauliza jina la mwenye mali, yaani bwana aliyewamiliki wazee wake kama watumwa.

Ndiyo sababu mimi, mtoto wa Tabora, nimejikuta nawajua mabwana wa koo za Boarman, Neale, Brooke na Fenwick kuliko ninavyozijua shangazi zangu za upande wa baba. Ukitaka kumfuata mtumwa wa kusini mwa Maryland kurudi nyuma ya 1864, mwaka ambao katiba ya jimbo ilifuta utumwa, sharti kwanza umfuate bwana wake. Na huko kusini, mabwana wengi walikuwa Wakatoliki.

Historia yenyewe unaijua, lakini wasomaji wangu wa Dar na Mombasa nadhani hawaijui, kwa hiyo niivumilie. Meli mbili, Ark na Dove, ziliondoka Uingereza Novemba 1633. Machi 25, 1634, Padre Andrew White wa Shirika la Yesu, yaani Mjesuiti, alisoma Misa kwenye kisiwa cha St. Clement's, na koloni la Lord Baltimore, bwana Mkatoliki aliyelimiliki, likawa limeanza, mahali ambapo Mkatoliki wa Kiingereza angeweza kusali bila kutozwa faini. Haikudumu. Mwaka 1689 Waprotestanti waliipindua serikali, na mji mkuu ukahamishwa kutoka St. Mary's City kwenda Annapolis. Mwaka 1704 kanisa la matofali la St. Mary's lilifungwa kwa amri ya serikali, na Misa ikabaki kusomwa majumbani. Mwaka 1718 Wakatoliki walinyimwa kura. Mwaka 1756 wakatozwa kodi ya ardhi mara mbili ya wenzao.

Kwa mtafiti, maana ya hayo yote ni moja: vitabu vya ubatizo na ndoa vya Wakatoliki wa wakati ule ni haba mno. Parokia za Kianglikana zilikuwa na rejista zao. Padre wa Kikatoliki alisafiri kwa farasi kutoka nyumba hadi nyumba, akabatiza sebuleni, akafungisha ndoa ghorofani, na kama aliandika mahali, karatasi nyingi hazikufika kwetu. Hata mashamba ya Wajesuiti yaliandikwa kwa jina la padre mmoja mmoja kama raia wa kawaida, yakarithishwa kwa wosia kutoka padre hadi padre. Kwenye wosia za waumini, padre anaitwa "bwana" tu, na ratili kadhaa za tumbaku (ndiyo ilikuwa fedha ya wakati ule) anazoachiwa na marehemu hazisemi kwamba ni za Misa. Lazima ujue kusoma kilichofichwa.

Kanisa halikuandika, lakini mahakama iliandika. Mtu akifa na mali, dini yoyote, wadai wake wanataka kulipwa, na hapo serikali haina mchezo. Prerogative Court, mahakama ya mirathi ya koloni zima, ilinakili wosia, orodha za mali na hesabu za wasimamizi kwenye vitabu vyake mpaka ilipofutwa mwaka 1777. Mungu aibariki tabia hiyo ya kunakili, kwa sababu jengo la mahakama la St. Mary's County liliungua mwaka 1831 na nyaraka nyingi za huko zikateketea.

Mirathi iliyonipendeza kuliko zote ni ya gavana wa kwanza, Leonard Calvert, aliyefariki Juni 1647. Kitandani alimwita Mkatoliki mwenzake, Margaret Brent, akamwachia usimamizi kwa maneno machache: chukua vyote, lipa vyote. Askari walikuwa wanadai mishahara, hazina tupu. Mama yule aliuza mpaka ng'ombe wa Lord Baltimore ili askari walipwe. Januari 1648 aliingia kwenye baraza akadai kura mbili, moja yake na moja ya Lord Baltimore, ambaye yeye alikuwa anamwakilisha. Wakamnyima. Nimewahi kuona wasimamizi wa mirathi wakipigana kwa viti mbele ya hakimu, lakini msimamizi wa namna hiyo sijapata kumwona.

Sasa kwenye karatasi zenyewe. Nyumbani, mirathi haifunguliwi bila muhtasari wa kikao cha ukoo: nani amehudhuria, ana uhusiano gani na marehemu, ametia sahihi au dole gumba. Nilipofungua orodha ya mali ya Maryland kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana nilikikuta kikao kile kile. Chini ya thamani ya mwisho kuna sahihi za wathamini, halafu za wadai wawili, halafu za ndugu wawili wa karibu. Hao ndugu wawili ni dhahabu. Kama Boarman amekufa na aliyesaini kama ndugu anaitwa jina jingine kabisa, basi ama ni mkwe ama ni mpwa, na umeshapata ndoa ambayo hakuna padre aliyeiandika.

Makosa nimefanya pia. Niliwahi kupoteza wiki mbili nikimfuata mtu aliyekufa "Februari 1721/2", nikidhani karani hakuwa na uhakika wa mwaka. Kumbe kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari ilihesabiwa bado ni ya mwaka wa zamani. Mzee mmoja wa Kentucky aliyekuwa meza ya jirani ndiye aliyenitoa gizani. Yeye alikuwa anatafuta wazee wake, Wakatoliki wa St. Mary's waliohamia Kentucky baada ya 1785. Tulikaa siku nzima. Jioni tukagundua tunasoma ukurasa mmoja: yeye anataka aliyesaini chini, mimi nataka walioandikwa katikati.

Niseme kuhusu hao wa katikati. Orodha hizi haziandiki ardhi, ila watu wamo. Nilishika moja ya miaka ya 1740. Inaanza na nguo za marehemu. Kitanda cha manyoya na mapazia yake. Chungu cha shaba, kimechakaa. "Furushi la vitabu vya zamani", bila majina ya vitabu, jambo linalomfanya mtu ajiulize. Kisha, bila hata mstari wa kutenganisha, mwanamke, jina moja, umri, bei. Mtoto wake, bei. Mzee wa kiume, miaka sabini, na mahali pa bei pameandikwa sifuri. Halafu ng'ombe wanaanza. Nilirudi nyuma nikasoma tena nikihesabu kwa kidole: kati ya chungu na ng'ombe palikuwa na watu tisa.

Na wosia ndio zinazoeleza walikwenda wapi. Binti anaachiwa mwanamke fulani "na uzao wake". Wazee wangu hutamka hivyo wakigawa ng'ombe, pamoja na ndama atakayezaliwa. Binti akiolewa, yule mwanamke anahama naye, na jina la bwana linabadilika kuwa la mume. Usipojua binti aliolewa na nani, umempoteza mwanamke na watoto wake wote. Kwa hiyo watu wanaotafuta koo za walowezi, ambao wengine huwacheka kwa kupenda nasaba, ni walimu wangu. Bila kazi yao nisingesogea hatua moja.

Shida yangu, Mheshimiwa, ni mlangoni. Faharasa ya orodha hizi inafuata jina la marehemu. Mzee wa Kentucky ana ufunguo. Mama mkwe wangu hana, kwa sababu mtu wake hakufa na mali, yeye ndiye aliyekuwa mali. Najua ofisi yako imefanya kazi kubwa kuhusu utumwa katika jimbo hili, na nyaraka nyingi nimezisoma bure nikiwa jikoni kwangu, jambo ambalo masjala niliyotoka isingeliota. Ninachoomba ni hatua inayofuata kwa vitabu hivi vya kabla ya 1777.

Naomba kila mtu aliyetajwa ndani ya orodha ya mali awe na mstari wake kwenye faharasa, awe marehemu, ndugu aliyesaini, mdai, au mtumwa. Jina liandikwe kama karani alivyoliandika, hata kama amelikosea. Umri uwekwe kama upo. Na jina la mama anapotajwa pamoja na mtoto liwekwe kwenye mstari wa mtoto, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo nasaba pekee aliyonayo. Tafadhali msiunganishe watu wawili kwa sababu tu majina yanafanana. Hilo watafiti tutagombana wenyewe.

Ukiniuliza inasaidia nini, nakukumbusha kesi iliyoko kwenye nyaraka za jimbo lako. Eleanor Butler, mwanamke wa Kizungu aliyeitwa Irish Nell (Nell wa Ireland), alikuja mwaka 1681 na Lord Baltimore wa wakati huo, akaolewa na Charles, mtumwa wa Boarman. Sheria ya 1664 ilisema mwanamke huru akiolewa na mtumwa atamtumikia bwana wa mumewe, na watoto watakuwa watumwa. Mashahidi wazee walikuja kusimulia mahakamani kwamba Lord Baltimore mwenyewe alimwonya, naye akajibu kwamba angempenda Charles kuliko huyo bwana mkubwa. Kizazi chake kilishtaki, kikashinda mwaka 1770, rufaa ikawarudisha utumwani 1771. Mary Butler, binti wa wale walioshindwa, akafungua kesi upya, akashinda 1787, rufaa ikathibitisha 1791. Alishindaje? Mahakama ilitaka kumbukumbu ya hukumu inayoonyesha kwamba Nell alipatikana na hatia chini ya sheria ile. Haikuwepo. Miaka mia moja ya utumwa ilikuwa imesimama juu ya karatasi ambayo haijawahi kuandikwa.

Halafu tazama upande wa pili. Mwaka 1813 Mima Queen, mtumwa aliyekuwa anadai uhuru wake, ambaye ukoo wake ulikuwa umeshashinda kesi nyingine dhidi ya padre Mjesuiti, alishindwa kwenye Mahakama Kuu ya Marekani kwa sababu ushahidi wake ulikuwa masimulizi ya wazee. Jaji mmoja tu alipinga, Gabriel Duvall, mtu wa Maryland. Wajesuiti haohao mwaka 1838 waliuza watu 272, wengi wao wakapelekwa Louisiana, na wale wajukuu zao wamepatikana leo kwa sababu orodha ya majina ilikuwepo na kuna walioamua kuipitia jina kwa jina.

Mama mkwe ana miaka themanini na moja. Kati ya majina matano nimempatia mawili, yote ya karne ya kumi na tisa. La tatu nafikiri nimeliona, kwenye orodha ya mjane mmoja, lakini mwandiko ule wa kale ambao s yake ni kama f umenishinda, na sitaki kumpa mtu mzima bibi asiye wake.

Kazi niliyoomba haihitaji wasomi watupu. Wastaafu na wanafunzi wanaweza kuifanya, na mzee wa Kentucky amesema atachangia mikono yake akija kila kiangazi. Mimi niko huru Jumanne na Alhamisi baada ya zamu ya usiku. Penseli nitakuja nazo mwenyewe, najua kalamu za wino haziruhusiwi.

Wako katika ujenzi wa masjala,

Karani wa zamani,
Prince George's County, Maryland.