Hiyo filimbi ina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma toka enzi za kuazimana barazani na sijawahi kuwaandikia hata mstari, hata mwaka ule mlipokosea saa za kufuturu nilinyamaza. Ila makala yenu ya Jumapili kuhusu cumbia imenishinda. Eti muziki mpya wa kompyuta kutoka Amerika ya Kusini. Mpya kwa nani?

Wale vijana wa Buenos Aires, Argentina, walioichanganya na biti za kompyuta miaka ya 2000 siwakatai, wengine wako vizuri tu. Lakini cumbia kwao ni pwani ya Karibi ya Colombia, ngoma za Waafrika waliopelekwa utumwani zikakutana na filimbi za wenyeji wa pale, Mhispania akaja na lugha yake na sketi pana, na mpaka leo mwanamke anaicheza na fungu la mishumaa inawaka mkononi. Na huko kupunguza spidi mnakosema kumeletwa na programu, kule Monterrey, Mexico, walishaanza na santuri, wenyewe wanasimulia mashine ilichemka katikati ya sherehe ikawa inavuta, watu badala ya kuzomea wakazidi kucheza.

Mi nilikuwa baharia. 1986 tulitia nanga Cartagena, usiku nikafuata mziki mitaani nikakuta maspika marefu kama makabati, yamechorwa rangi za kila aina, wanayaita picó, na kinachopigwa ni gitaa la Kongo! Nikaitikia kwa Kilingala changu cha kuungaunga, watu wakanizunguka. Kumbe sahani za santuri zilikuwa zinakwanguliwa lebo ili mwenye spika wa mtaa wa pili asijue ni wimbo gani. Haya, mtasema hata wao walifuta majina. Walifuta, ila sikusikia hata mmoja akijidai ule wimbo katunga yeye.

Sasa juzi kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu diijei kaweka remix, ndani yake nikasikia gaita, ile filimbi ndefu ya cumbia, na gaita siwezi kuikosea kwa sababu ninayo nyumbani niliinunua safari ileile, mti wa kaktasi mrefu, ule wa miiba, uliotobolewa katikati, kichwa cha nta ya nyuki iliyofinyangwa na unga wa mkaa, pa kupulizia ni bomba la unyoya wa bata, zinapigwa mbili, jike na dume, na mpiga dume anashika filimbi mkono mmoja na mwingine anatikisa kayamba, sasa mtu anayefanya kazi yote hiyo ya mapafu na mikono mi namuuliza diijei kwa adabu kabisa, mwanangu, huyu anayepuliza ni nani, ananijibu bila hata kutoa hedifoni, "Mzee, huyo si mtu, hiyo ni sampo, kipande tu cha rekodi." Si mtu! Ndo yaleyale ya Timbaland, mtengeneza mziki wa Marekani, 2003, kachukua wimbo wa Totó la Momposina, mwanamama wa Colombia, filimbi ni gaita hizihizi, halafu wimbo ukaitwa Indian Flute, yaani filimbi ya Kihindi.

Na madiijei haohao ndo wanaokata rumba, mwimbaji hajamaliza hata kusalimia wameshaturusha kwenye sebene. Mashairi yamewakosea nini? Sisi wengine tulioa kwa yale mashairi.

Nisilalamike tu. Napendekeza kila anayepiga remix azime mziki kwanza, taa ziwashwe zote, asome jina la mpiga filimbi na la mpiga ngoma, akishindwa kulitamka arudie mpaka liwe sawa, wageni watasubiri, pilau halikimbii. Na mwandishi wenu namkaribisha kwangu Ngamiani Jumamosi yoyote baada ya alasiri. Gaita ipo, kichwa kimepata ufa kidogo kwa joto la Tanga lakini inalia. Aje aipulize, siku itakayotoa noti moja safi nitamwachia aandike habari za cumbia mpya. Aje ameshakula.

Baharia mstaafu,
Tanga