Kura za maoni kuhusu vita: tuonyesheni na swali

Ndugu Mhariri,

Mkituandikia kwamba asilimia fulani ya watu wanaunga mkono vita, chapisheni na swali lenyewe, neno kwa neno. Januari 2003, taasisi ya Pew, ya utafiti wa maoni huko Marekani, iliwauliza Wamarekani kama wanaafiki hatua za kijeshi Iraki ili kuuondoa utawala wa Saddam Hussein. Asilimia 68 waliafiki. Swali lilipoongezewa kwamba maelfu ya askari wa Marekani huenda wakauawa au kujeruhiwa, waliafiki asilimia 43 tu. Vita ileile! Ukimuuliza mtu sokoni Kirumba, “Unakubali tuwalinde watoto wetu dhidi ya magaidi?”, nani atakataa? Wapimaji wa maoni wagawe wahojiwa nusu kwa nusu bila kuchagua, kila kundi liulizwe kwa maneno tofauti, nanyi mtoe majibu yote mawili.

Msomaji wenu,
Nyamanoro, Mwanza