Hisia itajwe kwa jina lake

Mhariri,

Mitihani inapokaribia, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hapa Nairobi husema tu, "Nina stresi." Neno hilo haliwasaidii. Akili hisia, yaani uwezo wa kutambua na kudhibiti hisia, dhana iliyofafanuliwa na wanasaikolojia Salovey na Mayer mwaka 1990, huanza kwa kuitambua hisia yenyewe: ni hofu ya karo, aibu ya kufeli, au upweke wa hosteli? Tatizo la karo lina ofisi yake; upweke hautibiwi huko.

Mwili nao utulizwe. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole hadi 6, kwa dakika 5. Wengi huvuta kwa nguvu na haraka, wakashikwa na kizunguzungu, wakaacha. Wengine hungoja hadi mikono itetemeke juu ya karatasi ya mtihani, ilhali zoezi hili lahitaji kuzoewa wiki kadhaa mapema.

Huzuni ikidumu wiki 2, usingizi na hamu ya chakula vikitoweka, mwanafunzi amwone mshauri nasaha. Anayewaza kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Tunawasihi wasimamizi waibandike kwenye kila mlango wa bweni.

Washauri nasaha,
Nairobi