Kielekezi kikigoma kuruka, usikimbilie kufuta plagini

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma informatiki huko Kasapa aliingia dukani kwetu, Kamalondo, hapa Lubumbashi, kompyuta ikiwa kwapani. "Fundi," akasema, "plagini inakatala. Nimeiondosha na kuirudisha mara tatu, mega zangu zote zimeishia hapo." Anatumia Vim, programu ya kuandika na kuhariri maandishi ambamo herufi zenyewe ni amri, na ndani yake ameweka EasyMotion, ile plagini (programu ndogo ya nyongeza) inayobandika herufi juu ya kila neno kwenye skrini ili ubonyeze herufi moja tu na kielekezi kirukie pale pale. Kwake haikubandika kitu. Kila akijaribu, kielekezi kinasogea neno moja, kinatulia.

Nikamwomba ajaribu tena, na safari hii sikutazama skrini, nilitazama vidole vyake.

EasyMotion, kama hujaibadilisha, inaitwa kwa kubonyeza \ mara mbili, halafu w. Kibodi ya kijana ni AZERTY ya Kifaransa, na huko \ inapatikana kwa kushika AltGr pamoja na 8. Mkono wa kulia ukaenda AltGr, wa kushoto ukatafuta 8, wakarudia, ndipo kidole kikashuka kuitafuta w. Kufikia hapo Vim ilikuwa imeshachoka kusubiri. Ina kikomo kinachoitwa timeoutlen, na usipokigusa ni milisekunde 1000, yaani sekunde moja tu baada ya kila kitufe. Sekunde ikipita, Vim inahesabu kwamba ulichoanza hutakimaliza, na w inayokuja inaisoma kama w ya siku zote: sogea neno moja. Plagini ilikuwa nzima kabisa. Haikuwahi kuitwa.

Naandika haya kwa sababu jambo hili tunaliona tena na tena, na watu wanapoteza mega na usiku mzima kwa kosa lisilo la plagini. Chanzo chake ni cha zamani. Bill Joy aliitengeneza vi, programu iliyoitangulia Vim, mwaka 1976, akifanya kazi kwenye terminali (skrini na kibodi za kuzungumza na kompyuta kubwa) ya ADM-3A ambayo mishale ilichorwa juu ya vitufe vya h, j, k na l. Bram Moolenaar wa Uholanzi alipoitoa Vim mwaka 1991, alizifuata amri zile zile. Zote zilipangwa kwa kibodi ya Marekani. Sisi Lubumbashi mashine nyingi zinatufikia za mtumba kutoka Ulaya, zikiwa na AZERTY ya Kifaransa au ya Kibelgiji, na hizo mbili nazo hazifanani: kwenye ya Kibelgiji \ iko kwenye kitufe cha <, jirani na Shift ya kushoto. Kwa hiyo maelekezo unayoyasoma kwenye intaneti yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado yasikufae.

Tarakimu ndizo zinazosumbua zaidi. Kwenye AZERTY tarakimu za juu zinadai Shift. Ukitaka kushuka mistari mitano katika Vim unaandika 5j. Ukisahau Shift, mahali pa 5 panaingia mabano ya kufungua, (, na kwa Vim hiyo ni amri: rudi mwanzo wa sentensi. Kielekezi kinapanda, kisha j inakishusha mstari mmoja. Unaona kimeruka kusikojulikana, unailaumu plagini. 4j bila Shift inakuwa 'j, na Vim inajibu kwa kosa la E20, kwamba alama unayoitaka haijawekwa. 3j inakuwa "j, na hapo hakuna kinachosogea, kwa kuwa Vim inadhani umechagua rejista, yaani mahali pa kuweka maandishi uliyonakili, na inasubiri uendelee. Inayonitisha ni 1. Bila Shift ni &, na & hurudia badiliko la mwisho ulilofanya kwa :s, amri ya kubadilisha neno kwa neno jingine, kwenye mstari ule uliopo. Yaani ulitaka kusogea tu, kumbe umebadilisha maandishi. Ukiona mstari umebadilika bila wewe kujua, bonyeza u papo hapo ili kulitengua badiliko, kabla hujahifadhi.

Dawa ya \ ni nyepesi. Kwenye vimrc, faili lako la mipangilio ya Vim, andika let mapleader = " ", na kuanzia hapo kitufe cha nafasi kinachukua kazi ya \. Nafasi haidai AltGr wala Shift kwenye kibodi yoyote. Lakini mstari huo uweke juu kabisa ya faili. Vim huitazama mapleader wakati inaposoma kila agizo la kitufe, hairudi nyuma kuyarekebisha. Maagizo uliyoyaandika mwenyewe juu ya mstari huo yatabaki na \ hata ukifungua upya mara mia. Ishara yake utaiona: unabonyeza nafasi, kielekezi kinasogea herufi moja kulia. Maana yake hakuna aliyeipokea ile nafasi, Vim imeitumia kwa kazi yake ya kawaida.

Na ukiwa hapo hapo, ongeza let g:EasyMotion_keys = 'qsdfghjklm', ili herufi zinazobandikwa ziwe za mstari wa katikati wa AZERTY, vidole visihangaike.

Kama kibodi haina lawama, basi kuna mwingine aliyekichukua kitufe. Hapa usikisie, iulize Vim. Andika :verbose nmap s na itakuambia s imepewa kazi gani, na ni faili lipi lililoipa, mpaka njia ya folda. Nimechagua s kwa makusudi. Plagini ya vim-sneak inaitaka, watu wengi huipa EasyMotion kitufe hicho hicho, na mipango miwili ikigombea kitufe kimoja, kwa kawaida iliyosomwa mwisho ndiyo inayobaki. Jibu likiwa No mapping found, hakuna plagini iliyoshika s, na ukiibonyeza itafuta herufi iliyo chini ya kielekezi na kukuingiza kwenye hali ya kuandika. Ukikuta maneno yako yanapungua herufi mojamoja, anza kutafuta hapo.

Kipimo kingine tunachokifanya mbele ya mteja ni vim --clean. Hiyo inafungua Vim bila vimrc yako na bila plagini zako. Tatizo likibaki, plagini haina kosa, ni kibodi au terminali, lile dirisha Vim inamofunguliwa. Tatizo likiondoka, tunarudisha nusu ya vimrc, tunajaribu, kisha nusu ya nusu iliyo na shida, mpaka tunaufikia mstari wenyewe. Anayetumia VS Code, programu nyingine ya kuandikia kodi, ana njia kama hiyo tayari: bonyeza F1, tafuta Start Extension Bisect, yenyewe itakuongoza.

Ukifungua Vim bila faili, wakati mwingine utakuta ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Wateja kadhaa walinijia na hofu kwamba ni virusi. Si virusi. Moolenaar alijitolea mwaka mzima huko Kibaale mwaka 1994, kwenye kazi za maji na usafi, na tangu hapo akawaomba watumiaji wa Vim wakikumbuke kituo cha watoto cha huko. Alifariki mwaka 2023. Ombi lake mimi silifuti kwenye mashine ya mtu.

Kuna na shida ya mtandao. Ukiingia kwenye seva ya mbali kwa SSH kupitia intaneti ya simu, mshale wa juu unatumwa kama alama tatu: Escape, O na A. Laini ikizubaa, Escape inafika peke yake, Vim inatoka kwenye hali ya kuandika, O inafungua mstari mpya juu, na A inaandikwa kama herufi. Ukiona mistari mipya yenye A au B ambazo hukuziandika, angalia ttimeoutlen, kikomo cha milisekunde ambazo Vim inasubiri alama za kitufe kimoja kama mshale zifike zote. Wengi wamenakili thamani ya 10 kutoka kwa watu wenye laini za kasi. Kwa laini zetu weka 100, hata 200.

Na skrini ikiganda kabisa, pengine umebonyeza Ctrl na S kwa mazoea ya kuhifadhi. Terminali nyingi husimama hapo. Bonyeza Ctrl na Q.

Ukishindwa, njoo na mashine yako, na kama unatumia kibodi ya nje njoo nayo pia, maana bila hiyo tutapima kitu kingine. Usifute vimrc. Tunainakili kwanza kwenye flashi yako kabla hatujagusa mstari wowote, na kutazama tatizo hatulipishi, tunalipisha tukilitengeneza. Tupo Jumatatu hadi Jumamosi, na delestaje ikituzimia tunaendelea kwa betri.