Harambee ya karatasi na darubini: darasa la kuchora ndege, Rungwe

Ndugu wazazi, majirani, wahitimu wa shule yetu mlioko mbali na nyumbani, na wote mnaotutakia mema: shikamooni wakubwa zetu, na wenzetu hamjambo.

Tunaomba mtusaidie kukusanya shilingi 3,388,000 za darasa la kuchora ndege na mimea. Wanafunzi ni 40, wa darasa la tano na la sita. Masomo yatakuwa kila Jumamosi kuanzia Julai shule ikifunguliwa, na yatafungwa Februari kwa safari ya hifadhi ya Kitulo. Bajeti nzima ni shilingi 4,188,000, na wazazi wa watoto hao 40 wameshatoa 20,000 kila mmoja. Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya Mei, saa nne asubuhi, uwanjani kwa shule.

Mtu akisikia darasa la kuchora, akili inakimbilia rangi. Wengine mmeshatuuliza mtuletee pakiti ngapi. Tunashukuru kwa moyo wote, ila rangi ni 360,000 tu katika bajeti hii. Fedha nyingi inakwenda kwenye karatasi na darubini, na ni haki yenu kujua sababu kabla hamjafungua mkoba.

Tuanze na karatasi. Karatasi ya kutolea kopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita moja ya mraba, na ya daftari la mazoezi ni nyepesi zaidi. Ukiweka rangi ya maji juu yake, nyuzi zake zinavimba, karatasi inajikunja mawimbi, rangi inateremka na kutuama mabondeni, na ikikauka inabaki madoa. Mtoto anaamini mkono wake ndio mbovu. Anarudia palepale, karatasi inatoka vumbi kama sufi, mwishoni inatoboka. Baada ya Jumamosi tatu za namna hiyo haji tena, wala hakuna aliyemwambia kwamba kosa halikuwa lake. Karatasi ya rangi za maji ni ya gramu 300, na wakati wa kuitengeneza hutiwa gundi nyepesi inayozuia maji yasizame mara moja. Kuipima ni rahisi: dondosha tone la maji. Likikaa juu limeviringa kwa muda kidogo, karatasi inafaa. Likinywewa papo hapo na kuacha doa la giza, gundi haipo au imekufa.

Gundi hiyo huuawa na unyevu, na hapa Rungwe unyevu hatuhitaji kuutafuta. Karatasi iliyoachwa kwenye rafu kuanzia Novemba hadi Mei inapata vidoa vya ukungu, na sehemu zenye ukungu zinakunywa rangi kama kitambaa. Ndiyo maana mtaona masanduku mawili ya bati kwenye bajeti, 110,000 yote mawili. Karatasi itafungwa ndani ya nailoni, nailoni ndani ya sanduku, na sanduku litawekwa juu ya meza mbali na ukuta.

Karatasi nzima ina sentimita 56 kwa 76. Ukiikata nane unapata vipande vya 28 kwa 19, ukubwa unaomtosha mtoto. Kila mwanafunzi atatumia viwili kwa wiki kwa wiki 12 za rangi, kwa hiyo vipande 960, yaani karatasi nzima 120. Kwa shilingi 9,000 kila moja ni 1,080,000. Hatukuongeza akiba. Kila kipande kina pande mbili, na cha majaribio kitatumika kote kuwili.

Wiki nane za mwanzo hazina rangi kabisa. Ni penseli na daftari, na mwalimu wa kwanza ni kuku. Kila nyumba inaye, haruki akapotea, na manyoya yake yanaokotwa uani bure. Mtoto ataweka unyoya mmoja wa bawa mezani, autazame kabla ya kuuchora. Ataona uti wa katikati hauko katikati: upande mmoja ni mwembamba, mwingine mpana. Ule mwembamba ndio unaotangulia kukata upepo, kwa hiyo kwa unyoya mmoja tu unaweza kusema umetoka bawa la kulia au la kushoto. Kisha atafungua bawa la kuku aliyechinjwa na kuhesabu manyoya makubwa ya ncha ya bawa: ni kumi. Juu yake yamelaliana manyoya mafupi, safu juu ya safu, kama nyasi za paa zinavyopangwa ili maji yateremke. Asiyejua mpangilio huo hujaza mwili mzima vijipinde vya magamba, na ndege wake anageuka sato.

Baada ya hapo ndipo wanatoka nje. Mchoro unaanza na mstari mmoja tu, ule wa mgongo: ndege amesimama wima kama mwewe juu ya nguzo, au amelala kama bata? Juu ya mstari huo unawekwa mwili wenye umbo la yai, kisha kichwa, kisha mdomo. Jicho linasubiri. Chora mstari unaofuata mwanya wa mdomo uliofungwa, uupeleke nyuma ndani ya kichwa. Kwa ndege wengi jicho linakaa juu kidogo ya mstari huo, tena karibu na mdomo kuliko tunavyodhani. Watoto wengi huliweka katikati ya kichwa, na ndege anapata uso wa mtu aliyeshtuka.

Miguu ndiyo inayosumbua zaidi. Kile kiungo tunachokiona kikipinda kwenda nyuma si goti, ni kifundo cha mguu. Goti limefichwa ndani ya manyoya ya tumbo, mbele zaidi. Mtoto asipoelezwa hilo huchomeka miguu karibu na mkia, na ndege anaonekana anaangukia pua. Dawa yake ni uzi wenye jiwe dogo: unining'inize mbele ya jicho, uone vidole vya ndege viko chini ya sehemu gani ya mwili, kisha upime hivyo hivyo kwenye karatasi. Vidole vitatu mbele na kimoja nyuma ni kawaida ya ndege wengi wanaotua matawini, ila si wote. Kigogota ana viwili mbele na viwili nyuma, na ndivyo anavyojishikiza kwenye gogo.

Haya yote hayaonekani kwa macho matupu ukiwa mita 20 kutoka mtini, na hapo ndipo darubini zinapoingia. Tunaomba tano za 8×42, kila moja 280,000, jumla 1,400,000. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Tumeulizwa kwa nini tusinunue za 10 au 20, si zinavuta zaidi? Zinavuta, lakini zinakuza na mtetemeko wa mkono wa mtoto pia, na eneo linaloonekana linakuwa dogo hadi anashindwa kumpata ndege. Lenzi ya 42 nayo inaingiza mwanga wa kutosha kwa asubuhi zetu za mawingu. Zile za bei nafuu zinazouzwa pamoja na midoli tumeziacha kwa makusudi, kwa sababu lenzi zake mbili mara nyingi hazitazami mahali pamoja, na dakika kumi zinatosha kumpa mtoto maumivu ya kichwa. Watoto wanane watashirikiana darubini moja. Mmoja anatazama na kusema kwa sauti anachokiona, saba wanachora kwa maneno yake, kisha wanapokezana. Njia hii tunaipenda kuliko hata kama kila mtoto angekuwa na yake, maana anayesema analazimika kutafuta neno: mdomo umepinda wapi, weupe unaanzia shingoni au kifuani?

Rangi zinaanza Septemba, kabla mvua hazijakolea. Pakiti 20, kila moja kwa watoto wawili. Hatutafuti zenye rangi nyingi. Njano mbili, nyekundu mbili, bluu mbili, na kahawia iliyoiva kama tofali la kuchoma zinafikisha mtoto popote. Bluu nzito ikichanganywa na kahawia hiyo inatoa kijivu cha kila aina na weusi ulio hai kuliko ule wa kwenye pakiti. Kosa moja tunalitarajia kila Jumamosi: mtoto anaongeza rangi yenye maji mengi juu ya rangi iliyokauka nusu. Maji mapya yanaisukuma ile ya zamani pembeni, na linabaki doa lenye kingo za mikunjomikunjo kama ua la koliflawa. Kanuni ni moja: ama bado imelowa inang'aa, ama imekauka kabisa ukiigusa kwa mgongo wa mkono haina ubaridi. Katikati ya hapo, brashi ikae chini.

Ndege wa kwanza wa rangi ni yangeyange, kwa kuwa anafuata ng'ombe na kwa kuwa ni mweupe. Rangi nyeupe haitatumika. Weupe ni karatasi yenyewe. Mtoto anapaka majani mabichi ya nyuma yake na kivuli chepesi cha kijivu chini ya bawa, na ndege anajitokeza.

Wa mwisho ni chozi dume wa milimani, yule wa kijani mwenye mkia mrefu anayefyonza maua. Huyu ni mtihani kweli. Kijani chake hakitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya bali na namna unyoya wenyewe unavyoupokea na kuurudisha mwanga, ndiyo maana akigeuka kidogo anakuwa mweusi. Shorobo wa misituni ni tofauti: wekundu wa bawa lake ni rangi hasa, yenye madini ya shaba ndani yake. Basi ukimpaka chozi kijani kikali mwili mzima unapata ndege wa plastiki. Mtoto ataacha vipande vidogo vya karatasi tupu kifuani na begani, apake kijani cha manjano chepesi kando yake, asubiri kikauke, kisha bluu-kijani, na mwisho weusi wa bluu na kahawia ukutane ghafla na ule weupe, bila kufifishwa. Mng'ao unatoka kwenye huo mpaka mkali.

Mzazi mmoja alitushauri tutumie rangi za makopo kama Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyechora ndege kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari akiwa Dar es Salaam miaka ya 1960. Njia ile tunaiheshimu, na ni ya kwetu. Lakini darasani kwetu madirisha hufungwa kwa baridi, na harufu ya rangi zile haifai kwa vifua vya watoto.

Safari ya Kitulo ni 650,000. Uwanda ule ulio kwenye mita 2,600 hivi, ambao wengi tunauita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Februari maua yake bado yamechanua. Kuna aina 45 za okidi za ardhini. Viazi vya okidi hizi huchimbwa na kuuzwa hadi Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo vikisagwa, na mmea uliochimbwa haurudi mwakani. Watoto watazichora zikiwa udongoni, wakiwa wamekaa chini, bila kuchuma hata moja. Watamtafuta pia mbayuwayu wa buluu, anayekuja kuzaliana kwenye nyasi zile.

Yaliyobaki ni madogo. Brashi 80, mbili kwa kila mtoto, 280,000. Karatasi za gramu 120 za kushonea daftari, 100,000; majalada tutakata kwenye maboksi. Penseli 120 za HB, 2B na 4B, 84,000, na vifutio 12,000. Plaiwudi mbili za milimita 3, 64,000: kila moja inatoa vibao 24 vya sentimita 30 kwa 40 vya kubandikia karatasi ili isijikunje. Tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi magari, roli 12, 48,000.

Mchango upelekwe kwa mhazini wa kamati, ofisini kwa mwalimu mkuu, na kila mmoja achukue stakabadhi. Orodha ya manunuzi na risiti zake itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi. Asiye na fedha taslimu alete mazao: ndizi, viazi, maharage, parachichi, na ndugu zetu wa Kyela mchele. Yatapigwa mnada siku hiyo hiyo. Ahadi zitapokelewa hadi mwisho wa Juni, kwa sababu karatasi lazima iagizwe mapema.

Tunahitaji pia makopo matupu ya maji, vitambaa vya pamba vilivyochakaa, na sahani 40 za kuchanganyia rangi. Sahani ziwe za kauri au za bati lililopakwa nyeupe. Kwenye plastiki rangi inajikusanya matone na haichanganyiki. Iliyopasuka ukingo inafaa kabisa. Ila zisiwe na maua katikati, maana mtoto hataona rangi aliyoipata. Mzilete Ijumaa, siku moja kabla ya harambee.