Baba mdogo, usiuze injini

Leicester, Uingereza

Shikamoo baba mdogo,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ile barua pepe aliyonitumia Neema, inayosema umeshinda pauni 850,000 za bahati nasibu ya huku na kwamba utume kwanza pauni 450, nimeisoma mara tatu, nikaona nikuandikie kabla hujauza injini ya mtumbwi ili uwalipe. Baba, hiyo zawadi haipo. Hao ni matapeli.

Bahati nasibu ya taifa ya huku lazima ununue tiketi, na wewe hujanunua. Tena mshindi hakatwi kodi kwenye ushindi wake. Sasa hizo pauni 450 za “kodi na bima” ni za nini? Wangekuwa na pauni 850,000 zako mkononi, si wangekata humo humo? Pale sokoni Mwaloni, nani amewahi kukudai hela kwanza ndipo akulipe dagaa wako?

Mwambie Neema abonyeze jina la mtumaji. Juu pameandikwa bahati nasibu, lakini anwani yenyewe ni ya Gmail, ambayo mtu yeyote anajifungulia. Na kile kiungo cha “kuthibitisha” msikiguse kabisa. Mwaka jana mimi nililetewa ujumbe kwamba nina kifurushi, nikajaza namba za kadi ya benki kwenye ukurasa wa uongo. Kabla ya jioni mshahara wa wiki mbili ulikuwa umeondoka. Nililia, na sikukwambia kwa sababu ya aibu.

Ndiyo maana kilichoniuma zaidi ni ule mstari unaokutaka usimwambie mtu mpaka hela iingie. Wanataka mama mdogo asijue, mimi nisijue, ubaki peke yako na maneno yao. Ni ukoo mmoja na wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”.

Kama umeshawatumia picha ya kitambulisho cha NIDA, niambie, sitakulaumu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa wakala wa mtandao huo mjini wakaifunge. Wakikutumia meseji, ipeleke kwenye namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na namba yao.

Hela ya nyavu na taa nitatuma mwisho wa mwezi. Injini ibaki hapo Igombe. Nitapiga Jumapili mkitoka kanisani, na simu ashike mama mdogo pia, nataka asikie yote haya.

Mwanao,
Kulwa