Barua ya wazi kwa baba mdogo: Bibi anahitaji rimoti

Shikamoo baba mdogo.

Jumapili nilipita Tabata kumjulia hali Bibi. Nilimkuta sebuleni kaweka kipanya cha kompyuta pajani, juu ya khanga, anakisukuma taratibu huku mshale ukirukaruka kwenye runinga. Alikuwa anataka kusimamisha taarabu tu, aende akaswali. Mwisho akamwita mtoto wa jirani. Nimeshindwa kulisahau lile, ndiyo maana nakuandikia. Na naandika hadharani kwa sababu najua si Bibi peke yake.

Kompyuta uliyomfungia ni nzuri. Kodi, ile programu ya kuchezea muziki na video, inafunguka haraka, taarabu zake zimo, video za harusi zimo. Kilichobaki ni rimoti.

Ya kwenye simu usimpe. Mimi naitumia Kore, programu ya simu ya kuendesha Kodi, na naipenda, lakini inataka simu janja na Wi-Fi, na Bibi ana simu ya kitochi. Ingefaa zaidi rimoti ya runinga yenyewe. Waya wa HDMI hubeba amri za rimoti kwenye pini ya 13, mfumo unaoitwa CEC. Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita Simplink. Ila kompyuta nyingi za kawaida hazina mfumo huo kwenye HDMI yake. Ingekuwa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ungeuwasha kwenye menyu ya runinga, kazi imekwisha.

Kwa hiyo tumtafutie kipokezi cha infraredi (mwanga wa rimoti usioonekana) cha kuchomeka kwenye USB. Mimi ninacho FLIRC. Unabonyeza kitufe cha rimoti, unakifundisha kwamba hiki ni Enter, hiki ni Backspace, na kompyuta inaona kibodi tu. Mafunzo hayo yanakaa ndani ya kipokezi chenyewe, hata ukipiga Windows upya yapo. Rimoti ya ile deki iliyokufa inatosha kabisa. Tufundishe vitufe saba, basi: mishale minne, Enter ya kuchagua, Backspace ya kurudi, Space ya kusimamisha. Hicho cha kusimamisha nitakipaka rangi ya kucha, nyekundu, akione bila miwani.

Kwanza ipime kama nzima. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, bonyeza. Ukiona kinukta cha zambarau kinamemeta, iko hai. Macho yetu hayauoni mwanga ule. Humeta kama mara 38,000 kwa sekunde, na ndivyo kipokezi kinavyoutenga na jua la dirishani. Lakini haupenyi mbao, kwa hiyo kipokezi kisikae nyuma ya kabati ilipo kompyuta. Tutakivuta kwa waya wa USB hadi pembeni ya runinga, chini ya picha ya Babu.

Jambo jingine, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, uiwekee ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. LUKU ikiisha usiku na ikanunuliwa asubuhi, Bibi asilazimike kuinama nyuma ya kabati kutafuta kitufe, na magoti yale.

Ijumaa nitakuwa Kariakoo, nitanunua waya wa mita 2 na betri. Wewe nitolee ile rimoti ya deki, nadhani iko kwenye droo ya chini, pamoja na chaja za zamani. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa hapo.